Kushoto, Kushoto, Kulia

Kila Jumapili, ibada ikiisha, Kiptanui alipita katikati ya watu waliosimama nje ya kanisa wakisalimiana, akawapa mkono wale wa lazima, halafu huyo, akaenda zake kituoni. Si kituo cha polisi. Nasema kituo cha kununulia majani chai, lile banda la mabati kando ya barabara ya Kiptere, ambapo siku za kazi wakulima hupiga foleni na vikapu vyao, na Jumapili hapana hata mbwa. Yeye pia alikuwa na kikapu. Ndani yake, chini ya koti la mvua, mlikuwa na gari.

Gari la kuchezea, ndiyo. Anayetaka kucheka acheke sasa amalize, tuendelee.

Alikuwa mtu mzima, fundi wa mitambo aliyestaafu kiwanda cha chai, mjane, mwenye mvi na heshima zake. Alifika bandani, akaweka tofali juu ya meza ya kuchambulia majani, akalikalisha gari juu ya tofali ili magurudumu yake manne yaning'inie hewani. Akachomeka betri. Akabonyeza swichi. Kisha akaketi kwenye benchi, akakunja mikono, akayakazia macho magurudumu ya mbele mpaka betri ilipoisha. Akafungasha akaenda nyumbani. Wiki iliyofuata, vilevile.

Rimoti hakuwa nayo. Rimoti alikuwa nayo Sagini, na Sagini hakujulikana aliko.

Tuanzie mbali kidogo. Mwaka wa tisini, mhandisi mmoja Mzungu aliyekuwa akifunga virago kurudi kwao aliwaachia mafundi wawili sanduku moja. Wa kwanza ni huyu Kiptanui. Wa pili ni Sagini, fundi umeme, Mkisii kutoka upande wa Nyamira, aliyekaa kwenye nyumba za wafanyakazi pale kwenye estate ya chai tangu ujana wake. Mzungu hakusema sanduku ni la nani. Alisema tu, “Hii ni yenu,” akapanda gari lake akaondoka.

Walipolifungua walikuta gari la mashindano lililo vipande vipande, pakiti juu ya pakiti, skrubu ndogo kama punje za wimbi, na kitabu cha picha chenye maandishi ya Kijapani. Sagini alilipindua lile sanduku akalitikisa, akidhani gari lenyewe limebaki ndani.

“Ametupa vyuma kuukuu,” akasema.

“Ametupa kazi,” Kiptanui akajibu, na tayari alikuwa ameshika bisibisi.

Wakaliunda Jumapili baada ya Jumapili, chini ya ukingo wa paa la nyumba ya Kiptanui, skrubu zimetandazwa kwenye sinia la Rebeccah, mkewe. Rebeccah alilalamika weee, mwishowe akakubali kuchagulia mchele kwenye ungo. Gia ndogo ya mota na gia kubwa zilikataa kuelewana: zikibanwa sana zilipiga kelele kama mbuzi aliyefungwa vibaya, zikilegezwa zilirukana. Kiptanui akakata utepe wa karatasi kwenye pakiti ya majani chai, akaupitisha katikati ya meno ya gia, akakaza skrubu, akauvuta utepe nje. Ile nafasi ya karatasi ndiyo iliyotakiwa. Mota ikazunguka bila kelele, na mafundi wawili wakapigana makofi ya mgongoni kama waliofunga goli.

Usidhani walikuwa hodari siku zote. Ile chupa ndogo ya oili ya kutia kwenye shokomzoba Sagini aliimwaga yote chini, na kuku akaikanyaga. Kiptanui, kwa akili zake zote za kiwanda, akasema samli ya ng'ombe itafaa, si ni mafuta tu? Wakajaza samli. Kesho yake asubuhi, na asubuhi ya Kericho unaijua, samli ikaganda. Gari likatembea limekakamaa kama mzee anayetoka kuchimba mtaro, likigonga kila changarawe. Kufika saa ya chakula jua likawa kali, samli ikayeyuka, gari likaanza kubembea kama kitanda cha springi. Sagini alicheka mpaka akakaa chini. “Gari ya Wakipsigis hii,” akasema, “bila maziwa haiendi!” Wakaishia kuchanganya oili ya cherehani na oili ya gia, kidogo kidogo, wakajaribu na kumwaga na kujaribu tena, mpaka gari likatulia kwenye barabara ya murram.

Na ile bodi yake ya plastiki isiyo na rangi, ya kupakwa rangi kwa ndani! Sagini alitaka manjano, ya ndizi mbivu. Kiptanui alitaka kijani, cha chai. Wakapatana: manjano yenye mstari wa kijani. Wakapaka manjano kwanza, wakapiga mstari juu yake, wakageuza bodi kuutazama mstari wao kwa nje, hakuna. Rangi ya kwanza ilikuwa imeuficha. Mpaka leo ule mstari uko ndani, huuoni mpaka uivue bodi na kuipindua. Walibishana juu ya kosa hilo miezi mingi, na kusema kweli walilipenda.

Sasa, gari limekamilika, nani akae nalo? Hapo Kiptanui akaleta mambo ya kwao. Kwa Wakipsigis kuna desturi ya kimanagan: unamweka ng'ombe wako kwa rafiki yako. Maziwa atakunywa yeye, samadi ni yake, lakini ng'ombe ni wako. Hamwezi kupotezana, maana hakuna mtu anayesahau mahali anapolala ng'ombe wake.

“Gari ni lako, Sagini, litakaa kwangu,” akasema. “Rimoti ni yangu, itakaa kwako. Ukitaka gari lako, utakuja. Nami nikitaka rimoti yangu nitakuja.”

“Lakini hii si ng'ombe, bwana.”

“Wewe kaa na rimoti yangu vizuri.”

Sagini akaitundika kwenye msumari ukutani, ndani ya mfuko wa kitambaa alioshona mkewe, Janefer. Na kila Jumapili akaja nayo kituoni. Alikuwa na tabia moja iliyomtia Kiptanui wazimu. Kabla ya kuliendesha gari ilikuwa lazima aliamshe kwanza: anageuza magurudumu ya mbele kushoto, kushoto, halafu kulia. Kila mara. Ati ndiyo salamu yake.

“Wee Sagini, unamaliza betri!” Kiptanui alikuwa akimpigia kelele.

“Hata wewe ukiamka unajinyoosha, chorwet,” Sagini alikuwa akijibu, kwa lile neno la Kipsigis la rafiki, alilolitamka kwa lafudhi ya Kikisii isiyofichika.

Halafu ukaja mwaka wa tisini na mbili, ule wa fujo za makabila. Sitaki kuueleza sana. Aliyekuwepo anajua, na asiyekuwepo ashukuru Mungu wake. Watu waliokunywa chai pamoja waliambiwa kwamba hawajuani. Kiptanui alikuwa zamu kiwandani geti lilipofungwa, na lilipofunguliwa alikimbia moja kwa moja hadi kwenye nyumba za wafanyakazi. Mlango wa Sagini ulikuwa wazi. Jiko lilikuwa limepoa. Jirani mmoja akamwambia wameondoka na lori, wamelala chini ya turubai, Sagini na Janefer na watoto, na hakuna aliyeona wameelekea wapi wala kama walifika. Vyombo vilikuwa vimeshachukuliwa na watu. Kiptanui akatazama ukutani. Msumari ulikuwepo, mfuko haukuwepo.

Huo msumari ndio uliomla roho. Kama rimoti ilibebwa na waporaji, basi iko shimoni mahali fulani, na habari imekwisha. Lakini kama Sagini, katika dakika zile za kukimbiza roho yake, alinyoosha mkono akachukua rimoti badala ya blanketi, basi Sagini bado ni rafiki yake. Kiptanui hakutaka kitu kingine chochote duniani ila kujua ni mkono wa nani ulioitoa ile rimoti msumarini.

Mwaka uliofuata Rebeccah akaugua akafa. Chelimo, binti yao wa pekee, alikuwa ameolewa Bomet. Nyumba ikabaki na mtu mmoja na redio. Mara nyingi Kiptanui alisonga ugali akastukia umekuwa mwingi, akakaa akiutazama. Upweke ulimuuma, tena ulimtia haya, kwa sababu mwanamume wa rika lake hana mahali pa kwenda kusema, “Jamani, niko peke yangu.” Basi alilivua gari magurudumu, akalisafisha, akapaka gia grisi, akabadilisha oili ya shokomzoba, akapitisha tena utepe wa karatasi. Gari lisilokwenda popote lilikuwa limetengenezwa kuliko yote wilayani.

Siku za soko alikwenda Litein kwa mama mmoja wa Kikisii aliyerudi kuuza ndizi mambo yalipotulia, jina lake Nyambeki.

“Mama, ukienda kwenu, umuulizie Sagini fundi umeme. Mwambie gari yake iko. Mwambie kila Jumapili baada ya kanisa naiweka kituoni, pale pale.”

Nyambeki akamtazama. “Mzee, Kisii nzima Sagini ni wengi kama hizi ndizi.”

“Mke wake ni Janefer. Anapenda kucheka.”

“Ah! Sasa umenisaidia sana.” Lakini aliyaona macho yake, akaacha mzaha. “Nitauliza.”

Kila soko Kiptanui akapita, akanunua ndizi ambazo hakuzihitaji, akauliza. Kila soko Nyambeki akatikisa kichwa. Mwishowe Kiptanui akawa hasemi kitu. Anasimama tu mbele ya ndizi, na mama anatikisa kichwa.

Na pale kituoni, jamani. Gari lisilo na rimoti haliko kimya kabisa. Magurudumu yake hutetemeka ovyo kidogo, kama mtu anayeota. Jumapili moja magurudumu yakaruka kwa nguvu upande mmoja, mota ikalia ghafla, na Kiptanui akainuka akatoka mbio hadi barabarani akiita jina. Ilikuwa Landrova ya walinzi wa estate inapita, askari anaongea kwenye redio yake ya mkononi. Askari akamsalimia kwa adabu. Kiptanui akaitikia, akarudi, akaketi, na alilia, nani wa kumficha pale.

Mwaka wa tisini na sita Chelimo akaja kumtembelea, na mfuko mkononi. Alikuwa amesikia maneno ya watu wa kanisani, ati babake siku hizi anashinda na kidude mchana kutwa.

“Baba, nimekuletea.” Rimoti mpya, mumewe ameitoa Nairobi. “Kipkemoi fundi wa redio pale Litein ameniambia ni rahisi. Kuna haka kachuma kanaitwa kristali. Unachomoa kale ka zamani kwenye gari, unaweka haka, na gari inasikia rimoti hii.”

“Na ile ya zamani?”

“Ile haitaisikia tena. Lakini Baba, ile iko wapi?”

Kiptanui akaigeuza ile rimoti mpya mkononi.

“Unangoja mtu ambaye hajakutumia hata salamu,” Chelimo akasema, kwa upole. “Mimi nataka tu ufurahi kidogo. Si hata wewe ni mtu?”

Alimpenda binti yake. Ndiyo maana hakumkatalia. Chelimo alipoondoka, Jumapili ile Kiptanui akafika kituoni, akavua bodi, akachomoa kristali ya zamani kwa kucha mbili, akaifunga kwenye leso na kuitia mfuko wa shati. Akachomeka mpya. Akaliteremsha gari chini, kwenye murram, mahali ambapo lilikuwa halijagusa kwa miaka.

Likaenda! Mungu wangu, likaenda. Lilikata kona ya banda bila kuteleza, likapanda kituta, shokomzoba zikameza kila kokoto, gia kimya, vumbi nyuma yake. Halijawahi kwenda vizuri hivyo, hata enzi zile. Kiptanui akaligeuza kwenye mikaratusi, akalirudisha kasi mpaka miguuni pake, akafunga breki. Akajikuta ameinua kichwa kutazama upande wa kulia, pale Sagini alipozoea kusimama, apate kumwambia, umeona?

Palikuwa na mashine ya kupimia majani, na kikapu cha mtu kilichosahauliwa.

Hakuna wa kumgombeza. Hakuna wa kumpigia kelele juu ya betri. Miaka yote ile ya kutazama gari lisilosogea hakuwahi kuwa mpweke kama dakika ile gari liliposogea vizuri. Akapiga magoti papo hapo, akaivua bodi, akauona ule mstari wa kijani ndani, akaitoa kristali mpya na kuirudisha ya zamani mahali pake. Rimoti ya Chelimo akaizungushia gazeti, akaiweka kabatini kwa heshima. Afadhali kungoja.

Siku ya soko alipita kwa Nyambeki kama kawaida, akasimama mbele ya ndizi. Nyambeki hakutikisa kichwa. Alijifanya anapanga vichane, akasema bila kumtazama, “Kuna Janefer mmoja nimekutana naye kwenye matanga huko Nyamira. Anapenda kucheka. Nimempa maneno yako vile ulisema.”

“Na yeye akasema nini?”

“Hakusema kitu, mzee. Alianza kulia. Watu bado wanaogopa kuja huku. Usiniulize mengine.”

Kiptanui akanunua mkungu mzima akausahau pale pale.

Jumapili iliyofuata hakusikia mahubiri hata neno. Alifika kituoni kabla umande haujakauka, akaweka tofali, akalikalisha gari, akachomeka betri. Ukungu ulikuwa umelala kwenye chai. Magurudumu yakatetemeka kidogo, ovyo, kama siku zote. Akaketi. Pikapu moja yenye ndizi ilipita taratibu, ikaenda ikasimama mbele huko, kwenye mikaratusi. Dereva hakushuka. Hakuna aliyeshuka. Kiptanui aliitazama, akajikaza asiinuke. Alikuwa ameshawahi kukimbilia Landrova.

Magurudumu yakatulia.

Yakatulia tuli. Si yale ya kutetemeka. Yalinyooka mbele yakakaza, kama mnyama aliyesikia jina lake.

Kushoto.

Kushoto.

Kulia.

Alifunika mdomo kwa mkono. Ni mkono wa Sagini. Ni mkono wa Sagini ulioitoa ile rimoti msumarini, na nyumba inaachwa, na watoto wanalia, na lori linanguruma nje! Akatazama kwenye mikaratusi, na sasa akaona kilichotoka kwenye dirisha la pikapu: uzi mwembamba wa chuma unaometameta. Eriali.

Magurudumu yakageuka tena, kushoto, kushoto, kulia. Yakangoja. Na hapo Kiptanui akaelewa jambo lililomtia hofu. Gari linasikia tu, halijibu. Yule mtu kule kwenye pikapu anabonyeza gizani. Hajui kama kuna gari linalomsikia, hajui kama mzee aliyeko bandani ni nani, hajui kama huku kuna anayemtaka. Pikapu ikaguruma. Dereva alikuwa akiwasha injini.

Fundi mstaafu, mzee wa kanisa, akapanda juu ya meza ya kuchambulia majani kwa viatu vyake vya Jumapili. Meza ikayumba, mguu ukateleza. Akaikanyaga mashine ya kupimia, akapanda tena, akatoka kwenye kivuli cha mabati mpaka ukingoni, akaliinua lile gari la manjano kwa mikono miwili juu ya kichwa chake, juu kabisa, tumbo la gari limetazama barabara.

“Fanya tena,” alisema kimoyomoyo. “Fanya tena, uone.”

Juu ya kichwa chake akayahisi magurudumu: kushoto. Kushoto. Kulia.

Injini ya pikapu ikazimwa. Mlango ukafunguka. Mtu mmoja akashuka, amekonda, nywele zimekuwa nyeupe zote, rimoti ameikumbatia kifuani, nusu yake imetoka ndani ya mfuko wa kitambaa uliochakaa. Alisimama barabarani hasogei, kama asiyejua kama ameruhusiwa. Kidole chake tu ndicho kilichoendelea, kushoto, kushoto, kulia, kushoto, kushoto, kulia, na Kiptanui pale juu ya meza machozi yakimtiririka mashavuni, hakuwa na neno lolote kichwani isipokuwa lile la siku zote.

“Wee Sagini!” akapiga kelele, sauti ikapasuka. “Unamaliza betri!”